Chungu cha Jumamosi: kupika nyumbani, kula vizuri na kufanya mazoezi wakati wiki imejaa kazi

Ukiingia hoteli ndogo yoyote ya Kampala saa saba mchana, mhudumu atakuuliza maswali mawili: chakula gani, na mchuzi gani? Chakula ni matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu, muhogo au kalo (ugali wa ulezi). Mchuzi ni maharage, karanga, samaki au nyama. Wengi hujibu "chakula chote", na sahani inakuja na wanga wa aina nne umerundikana, mchuzi kwenye kibakuli, na kabichi ya kuonja tu. Kasoro ya mlo wetu iko kwenye hicho kipimo. Matoke hayana kosa, wala posho. Kosa ni kuyapakua yote kwa pamoja na kuiacha mboga iwe pambo.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji mizani, mkono wako unatosha. Wanga uwe kiasi cha ngumi yako, wa aina moja au mbili. Samaki, mayai, maharage au nyama ijae kiganja. Mboga za majani ziwe konzi mbili zikiwa zimeshapikwa. Mtoto apimiwe kwa mkono wake mwenyewe, siyo wa baba yake. Anayelima au kubeba mizigo kutwa aongeze ngumi ya pili ya wanga bila kuona haya, maana ataitumia. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Konzi mbili za mboga ya majani kama nakati mchana, mbili jioni, na kipande cha papai au ndizi moja ya bogoya, umeshafika.

Hayo wengi wanayajua. Kinachowashinda ni saa. Mtu anatoka kazini saa kumi na moja, foleni inamla hadi saa moja, anafika nyumbani sigiri haijawashwa na maharage bado ni makavu. Hapo ama familia inakula saa nne usiku, ama mtu anatumwa chipsi. Kwa hiyo kazi zote zinazokula muda, yaani kuchemsha, kuchambua, kuosha na kukaanga vitunguu, zihamie Jumamosi asubuhi. Siku za kazi zibaki na mambo yasiyofika saa moja.

Hesabu zilizo hapa chini ni za watu sita: wazazi wawili, watoto watatu wa shule na dada wa kazi.

Jumamosi, saa mbili na nusu hadi saa nne na nusu

Kazi huanza Ijumaa usiku. Chagua kilo 1 ya maharage, toa mawe na yaliyooza, osha, kisha loweka kwenye maji mengi, mara tatu ya ujazo wake. Ya aina ya Nambale yanafaa, na ukipata yale yaliyozalishwa na watafiti wa NARO, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Uganda, kuwa na madini ya chuma kwa wingi, chukua hayo. Asubuhi mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, chemsha. Yaliyolowekwa huiva kwa saa moja hadi moja na nusu kwenye sigiri, yasiyolowekwa hufika saa mbili au tatu. Kwenye sufuria ya presha, yaliyolowekwa yanahitaji dakika 20 hadi 25 tangu presha ijae.

Mambo matatu huharibu maharage. La kwanza ni kutia nyanya au ndimu mapema: asidi huzuia ganda kulainika, na utachoma makaa hadi mchana. Nyanya ziingie yakishaiva. La pili ni magadi. Ni kweli yanaharakisha, lakini yanaua vitamini B1 iliyomo na kuacha ladha ya sabuni. La tatu ni moto wa uvivu tangu mwanzo. Maharage mekundu yana sumu ya asili inayovunjika kwa mchemko mkali tu, kwa hiyo yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 za kwanza kabla ya kupunguza moto. Na kama yamechemka saa tatu na bado ni magumu, ujue uliuziwa ya zamani. Badilisha muuzaji.

Kilo moja kavu hutoa kama vikombe 14 yakiiva. Vikombe 6 ni vya katogo (ndizi na maharage chungu kimoja) ya Jumapili asubuhi. Vikombe 4 viende kwenye friji kwa chakula cha mchana cha wazazi Jumatatu na Jumanne. Vinne vilivyobaki vigandishwe kwa Jumatano na Alhamisi. Utaona maharage hayapo kwenye mlo wa jioni, na sababu yake tutaifikia. Yapoe haraka kwenye vyombo vifupi vifupi na yaingie baridini kabla ya saa mbili kupita tangu yatoke motoni. Sufuria nzima iliyofunikwa ikiwa moto huchukua nusu siku kupoa katikati, na huko katikati ndiko yanakochachia.

Maharage yakiwa motoni, pika rojo. Hii ndiyo itakayokuokoa jioni:

- nyanya mbivu kilo 2, zilizokatwa au kukwaruzwa
- vitunguu vikubwa 6
- karoti 4, zilizokwaruzwa
- pilipili hoho 3
- vitunguu saumu, punje 8
- mafuta vijiko 5 vya mezani

Kaanga vitunguu kwa moto wa kati hadi viwe rangi ya dhahabu, kama dakika 10. Tia kitunguu saumu, karoti na hoho kwa dakika 5, kisha nyanya. Acha wazi, koroga mara kwa mara, dakika 40. Dalili ya kuiva ni mafuta kujitenga pembeni na kijiko kuacha njia chini ya sufuria. Ikitoka motoni bado na maji, itachacha siku ya pili. Utapata lita 1 na robo hivi, yaani kikombe kimoja cha mililita 250 kila jioni, kwa jioni tano. Usitie chumvi sasa. Tia jioni, ukijua unapika nini, kwa sababu mukene (dagaa wa ziwani) wana chumvi yao, na vile viungo vya unga vya pakiti ni chumvi kwa sehemu kubwa. Kiwango cha mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na iliyofichwa kwenye mkate na pakiti.

Kuhusu mafuta, acha kumimina kutoka kwenye jerikeni. Kijiko kimoja cha mezani kina takriban kilokalori 120, na mkono unaomimina huku unaongea hutoa vijiko vitano bila kujua. Weka kijiko kando ya jerikeni na kisitoke hapo.

Mukene wanastahili dakika 25 za Jumamosi. Wengi huwakwepa kwa sababu ya mchanga, na mchanga huo unatokana na kuanikwa chini. Nusu kilo inatosha. Wachambue, vunja vichwa, wakaange wakavu bila mafuta kwa dakika 5 hadi wanukie, kisha wamwagie maji ya moto na uwasugue kidogo. Rudia mara tatu. Usimwage maji pamoja na samaki, waopoe kwa mkono ili mchanga ubaki chini ya beseni. Wakaushe juani au kwenye kikaango, uwatie kwenye kopo. Watakaa wiki bila friji. Kwa kuwa huliwa na mifupa yao, ni chanzo kizuri cha kalisi, na ni bei nafuu kuliko nyama.

Mboga za majani, nakati, dodo (mchicha), sukuma, osha maji matatu zikiwa nzima, kung'uta, acha zikauke upepo, zifunge kwenye kitambaa safi kikavu. Kwenye friji hukaa siku tatu au nne. Kukata ni jioni ileile ya kupika. Ukizikata Jumamosi zitanyauka na kupoteza vitamini C. Za Alhamisi na Ijumaa nunua njiani Jumatano.

*Kama huna friji*

Mpango haufi, unabadilika tu. Pika nusu ya rojo mara mbili kwa wiki, na kila usiku uichemshe upya hadi itokote kabisa kabla ya kulala, isikae zaidi ya siku mbili. Maharage pika ya siku moja. Halafu egemea vitu ambavyo Uganda imejaliwa navyo na havihitaji baridi hata kidogo: mukene wakavu, mayai, karanga, ufuta, parachichi. Wiki nzima ya protini inaweza kukaa kwenye rafu.

Gharama ya makaa nayo huwatisha wengi. Kapu la joto husaidia: kapu kubwa lililojazwa majani makavu ya mgomba au blanketi kuukuu. Maharage yaliyolowekwa yachemke dakika 20, sufuria ikiwa imejaa na kufunikwa, uizike humo kwa muda wa saa nne, kisha uirudishe motoni itokote kabla ya kula. Sufuria iliyojaa nusu haifanyi kazi, hupoa upesi. Wenye umeme, wateja wa majumbani huwekewa bei nafuu ya upishi kwa yuniti za kati ya 81 na 150 kwa mwezi, hivyo sufuria ya presha ya umeme huenda ikawa rahisi kuliko gunia la makaa. Linganisha na risiti zako.

Jioni: watoto wameshakula posho na maharage

Shule nyingi za kutwa hupika posho na maharage mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni chakula kizuri. Lakini mtoto akirudi nyumbani akakuta posho na maharage tena, ndani ya siku nzima hajaona jani, tunda, samaki wala yai. Jioni basi iwe ya vile ambavyo shule haikumpa. Ndiyo maana chungu cha maharage tumewaachia wazazi na makopo yao ya kazini.

Jioni ya mfano, umeingia mlangoni saa kumi na mbili na nusu. Kabla ya kuvua viatu, weka maji jikoni. Menya viazi vitamu kilo 1 na nusu, vikate vipande vya sentimita 4, vichemke dakika 20 hadi 25. Ukipata vya rangi ya machungwa, kama Kabode, nunua hivyo. Vina vitamini A ambayo vyeupe karibu havina, na Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, yeye kwa kazi ya kuzalisha viazi hivyo. Jiko la pili: karanga za kusaga gramu 300 zikorogwe kwa maji baridi, lita 1 na robo, kisha ziende motoni. Ukitia unga wa karanga kwenye maji ya moto utapata mabonge. Dakika 10 za kwanza usiondoke wala usifunike, kwa sababu hufura na kumwagika ghafla kama maziwa. Zikishatulia, punguza moto, tia kikombe cha rojo na konzi tatu za mukene, koroga hadi chini kila baada ya dakika chache. Baada ya dakika 30 mafuta mekundu yakielea juu, tayari. Mboga ziingie sufuria yake dakika 5 za mwisho, kwa maji yaleyale zilizobaki nayo baada ya kuoshwa. Mnakula saa moja na robo.

Karanga zenyewe zichague kwa jicho kali. Zilizokunjamana, zenye ukungu au zenye uchungu mdomoni huenda zina aflatoksini, sumu ya ukungu inayodhuru ini, na kuchemsha hakuiondoi. Afadhali ununue nzima, uzichambue, ukasagishe mwenyewe, kuliko unga uliokaa wazi sokoni ambao huwezi kujua ulitokana na nini.

Jioni nyingine zinazojipika: mayai 8 yaliyovurugwa ndani ya kikombe cha rojo pamoja na ntula (nyanya chungu) zilizokatwa vipande vinne, pamoja na wali; sato mmoja mkubwa aliyekatwa vipande na kuchemshwa ndani ya rojo dakika 15, pamoja na posho kidogo na dodo; na maharage ya kopo la akiba siku ambayo kila kitu kimekwenda kombo. Matoke ya kufungwa kwenye majani ya mgomba yaachie Jumapili. Na siku hiyo funika kwa majani, siyo kaveera. Plastiki haikutengenezwa kwa kuivishia chakula, hata kama jirani anasema matoke yanalainika haraka.

Katogo ya Jumapili asubuhi ni chungu kimoja: ndizi za matoke 15, paka mikono mafuta kabla ya kumenya ili utomvu usikushike, zitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi, kisha zipike na vikombe 6 vya maharage, nyanya mbili, kitunguu na maji ya kufunika tu, dakika 35. Chai ingoje kama saa moja baada ya mlo. Inazuia mwili kufyonza madini ya chuma ya maharage, wakati nusu ya chungwa huyasaidia. Hili ni muhimu zaidi kwa mama mjamzito na wasichana waliovunja ungo.

Na sukari ya chai? Vijiko vitatu asubuhi, vitatu saa nne, vitatu jioni ni gramu 36 hivi. Lengo zuri ni kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, na soda moja ya mililita 300 hukaribia gramu 30 peke yake. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ukikata zote siku moja, Ijumaa utakuwa umerudi zilezile.

Mazoezi ya njiani na mazoezi ya viazi vikichemka

Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya kutia misuli nguvu siku mbili. Mtoto anahitaji dakika 60 kila siku. Gym si lazima. Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa kwa sababu ya korona, Rais Museveni alijirekodi akikimbia na kupiga pushapu ofisini mwake ili watu waone kwamba chumba kinatosha.

Dakika 150 ni robo saa mara mbili kwa siku, siku tano. Robo saa ni kama kilomita 1 na kidogo, ambao ndio mwendo unaolipia boda kutoka stendi hadi nyumbani. Shuka taksi (basi dogo la abiria) stendi moja kabla, utembee. Kampala ina vilima vya bure, na mlima wa dakika tano unafanya kazi ya tambarare ya dakika kumi. Kipimo cha kasi: uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Pita njia za ndani, kando ya barabara kuu utavuta moshi wa magari na vumbi hadi faida ipungue. Viatu vya ofisini vibebwe mkobani, miguu ivae raba. Watu wengi huacha kutembea kwa sababu ya kisigino kilichochubuka siku ya pili, siyo kwa sababu ya uvivu.

Misuli ifanyiwe kazi pale viazi vinapochemka. Jumanne na Alhamisi, dakika 12, hapohapo jikoni au kibarazani, mizunguko mitatu:

- kuchuchumaa na kuinuka mara 12, visigino vikiwa chini. Anayeumwa magoti akalie kiti na kuinuka
- pushapu 10 ukiegemea ukuta au ukingo wa meza imara. Sakafuni ni baada ya mwezi
- kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 20, kiuno kisibonyee
- kubeba jerikeni mbili za lita 10, moja kila mkono, hatua 30

Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 upande mmoja wa mgongo. Zigawe mbili, uinue kwa miguu. Watoto wape kamba ya kuruka na mpira, mlango uwe wazi hadi jua lizame karibu na saa moja. Mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba zitavuruga matembezi, basi siku hizo muziki uwashwe sebuleni na kila mtu acheze nyimbo nne. Mwenye presha, kisukari anayetumia dawa, au maumivu ya kifua aongee na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Jambo moja lisemwe wazi. Mama aliyechota maji, akafua kwa mikono na kupiga deki, ameshafanya mazoezi yake ya siku, kumwambia akakimbie ni kumwonea. Anachohitaji ni mtu mwingine kumenya viazi. Baba ambaye amekaa kwenye gari, akakaa ofisini, kisha akakaa mbele ya televisheni, ndiye wa kupewa jerikeni, na Jumamosi saa mbili na nusu ndiye wa kusugua mukene. Kazi hiyo haihitaji ujuzi wowote, ni subira tu. Watoto wa miaka saba kwenda juu wanachagua maharage na kuosha mboga, na mara nyingi mtoto aliyeosha nakati mwenyewe huila.

Ijumaa usipike. Kila mpango usio na siku ya mapumziko huvunjika wiki ya tatu. Nendeni kwa muuza rolex (chapati iliyokunjwa na mayai) wa kona, kwa miguu, mkaagize chapati moja kwa kila mtu na mayai mawili. Mwambie aweke kabichi, nyanya na hoho mara mbili ya kawaida, na mafuta nusu ya kijiko chake. Simama uangalie, kwa sababu atasema sawa, halafu mkono wake utaenda kwenye chupa kama ulivyozoea.